Turbo haiuawi na umri: jibu kwa aliyenunua gari la kifahari lililotumika

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Fundi, nimenunua gari la kifahari lililotumika, lina miaka kumi, injini ya petroli ya silinda nane yenye turbo mbili. Mita inasoma kilomita 118,000. Linakwenda vizuri na halitoi moshi. Rafiki yangu anasema turbo za magari haya zina siku zake, zikifika zinakufa tu, kwa hiyo niweke akiba nisubiri. Mwingine ananishauri nifunge kile kifaa kinachoiacha injini ikinguruma dakika kadhaa baada ya mtu kutoa ufunguo. Dashibodi nayo inaniambia sevisi bado kilomita 14,000. Nifanye nini sasa hivi, kabla hakijaharibika kitu?"

Ndugu yangu, umeuliza mapema, na hilo peke yake limekuokolea mengi. Wengi huniuliza habari za turbo gari likiwa limeshafika gereji kwa kuvutwa.

Nianze na rafiki yako wa kwanza. Ana haki ya kuogopa, ila sababu aliyokupa haisimami. Turbo haitoki kiwandani na tarehe ya kufa. Nimefungua nyingi mezani, na zile zilizochakaa kwa kazi ya miaka tu ni chache. Zilizobaki ziliuawa na njaa ya oili, au oili chafu, au joto lililoachwa ndani yake gari likazimwa, au kitu kigeni kilichomezwa na feni yake. Na ukitaka kuisevisi turbo yenyewe hupati pa kushika. Haina nipo ya grisi, haina skrubu ya kukaza, haina kitu cha kubadilisha kila baada ya kilomita kadhaa. Kinachosevisiwa ni kile kinachoingia ndani yake na kile kinachotoka. Ukishalielewa hilo, mengine yote nitakayokuambia ni maelezo tu.

Turbo ni feni mbili kwenye shafti moja. Ya kwanza inasukumwa na moshi unaotoka kwenye injini. Ya pili, upande wa pili wa shafti hiyo hiyo, inavuta hewa safi na kuishindilia kwenye silinda. Ukikanyaga mafuta sawasawa, shafti hiyo inazunguka mara 150,000 kwa dakika, na turbo ndogo hupita hata 200,000. Moshi wa injini ya petroli ikibanwa hufika nyuzi 950 za Selsiasi na zaidi kidogo, kiasi kwamba gamba la chuma upande wa moshi linawaka jekundu. Sasa jiulize ni beringi gani inayoweza kuvumilia hali hiyo. Katika turbo nyingi jibu ni kwamba shafti haigusi beringi kabisa. Inaelea juu ya utando wa oili ulio mwembamba kuliko unywele wa kichwa chako. Oili hiyo ndiyo inayoibeba, na ndiyo hiyo hiyo inayoondoa joto. Beringi za injini zinaweza kuvumilia oili mbovu kwa muda, zikalalamika polepole. Turbo haina subira hiyo. Ikikosa oili kwa sekunde chache tu ikiwa kwenye mzunguko mkubwa, shafti imeshagusa chuma.

Kwa hiyo tuje kwenye ile dashibodi yako na kilomita zake 14,000.

Usiifuate. Nasema hivi nikijua kwamba naenda kinyume na mtengenezaji, basi nieleze. Magari mengi ya daraja hili yalipangiwa kubadilishwa oili kila kilomita 25,000 hadi 30,000, au kila miaka miwili. Mpango huo una mantiki kwa mnunuzi wa kwanza, anayekaa na gari miaka mitatu kisha analiachia: sevisi chache, gharama ndogo, na gari linarudi likiwa bado zima. Hesabu ile haikukufikiria wewe, mtu wa mikono ya pili au ya tatu, unayelipokea likiwa na kilomita zaidi ya laki moja. Kompyuta nayo haiionji oili. Katika magari mengi inakadiria tu, kwa kuangalia umbali, mafuta yaliyotumika na muda uliopita. Haijui kama aliyemwaga oili mara ya mwisho aliweka ya daraja linalotakiwa, wala haijui kama aliimwaga kweli au alifuta tu ujumbe kwenye skrini.

Watengenezaji wenyewe wamewahi kurudi nyuma. BMW ilipotoa injini yake ya V8 (silinda nane zilizopangwa safu mbili kama herufi V) aina ya N63 mwaka 2008, ilizipandisha turbo mbili juu, ndani ya bonde la V, katikati ya safu mbili za silinda. Ni ubunifu mzuri kwa nguvu, kwani moshi unaifikia turbo haraka, lakini joto lote la injini linakusanyika mahali pamoja. Mwishoni mwa 2014 kampuni hiyo ilianzisha mpango maalumu wa kuwahudumia wenye injini hizo nchini Marekani, na moja ya mabadiliko ilikuwa kupunguza muda wa oili kutoka maili 15,000 au miaka miwili hadi maili 10,000 au mwaka mmoja. Audi nao, kwenye V8 yao ya lita 4.0, walikuwa na kichujio kidogo cha wavu kwenye njia ya oili inayopanda kwenye turbo. Kiliwekwa ili kulinda, lakini kikaziba kwa tope la oili, na turbo zikafa kwa kiu huku taa ya oili haijawaka, kwa sababu sehemu nyingine zote za injini zilikuwa zinapata oili yake kama kawaida. Suluhisho lilikuwa wavu wenye matundu makubwa zaidi, na magari yakaitwa kurudishwa. Hukuniambia gari lako ni la kampuni gani, lakini kwa silinda nane na turbo mbili za umri huo kuna uwezekano mkubwa turbo zako ziko ndani ya V. Muulize fundi wako maswali mawili: zimekaa wapi, na je, njia yake ya oili ina kichujio cha peke yake? Kama kipo, kibadilishwe kabla ya kitu kingine chochote.

Oili yenyewe, mimi ningeimwaga wiki hii, hata kama stika inasema ilibadilishwa mwezi uliopita. Badilisha na filta, kisha mwambie fundi aikate filta ya zamani mbele yako na kuifungua kama akodiani. Mkiona vipande vidogo vya chuma vinavyong'aa, tuna mazungumzo mengine. Mkiona mabaki meusi magumu kama punje za mkaa, mjue oili imekuwa ikiungua mahali fulani, na turbo ndiyo mshukiwa wa kwanza. Baada ya kilomita 3,000 imwage tena. Ya pili itaondoa uchafu ambao ya kwanza imeulegeza taratibu. Kuanzia hapo, kila kilomita 8,000 au mwaka mmoja, kinachotangulia.

Kuhusu kopo la kununua, watu hutazama namba kama 5W-30 wakaridhika. Namba hiyo inasema uzito tu. Kilicho muhimu ni kibali cha mtengenezaji wa gari, kinachoandikwa nyuma ya kopo: kwa mfano Longlife-01 au Longlife-04 kwa BMW, 229.5 kwa Mercedes-Benz, 504 00 kwa kundi la Volkswagen na Audi. Kitabu cha gari lako kinakutajia kinachotakiwa. Soma maneno kwa makini, maana kopo linaloandika kwamba oili imeidhinishwa na kampuni ya gari halilingani na kopo linaloandika kwamba oili inafaa kwa magari ya kampuni hiyo. La pili ni maoni ya muuzaji. Na zile dawa za kuongeza uzito wa oili, pamoja na zile za kuosha injini dakika kumi kabla ya kumwaga, ziache dukani. Dawa ya kuosha inabandua tope la miaka kumi kwa mkupuo mmoja, na tope hilo linatafuta njia nyembamba kuliko zote. Njia nyembamba kuliko zote ni bomba la oili la turbo.

Pima kiwango cha oili kila kilomita 1,000. Magari mengi ya aina yako hayana kijiti cha kupimia. Kipimo kiko kwenye skrini, na kinataka gari liwe mahali tambarare na injini iwe imepata joto. Kikishuka, ongeza. Kikipanda bila wewe kuongeza, usifurahi. Mara nyingi hiyo ni petroli inayoingia kwenye oili, jambo la kawaida kwa injini zinazopuliziwa mafuta moja kwa moja ndani ya silinda na zinazoendeshwa safari fupi fupi tu. Oili iliyochanganyika na petroli ni nyepesi, na ule utando unaoibeba shafti unakatika. Gari linalozungushwa kilomita mbili asubuhi na mbili jioni linahitaji oili mapema kuliko linalosafiri mbali, ingawa mita yake inasema limepumzika.

Sasa mabomba. Oili huifikia turbo kwa kibomba chembamba kinachopita karibu na chuma chekundu. Gari likizimwa likiwa moto, oili iliyobaki humo inasimama na kupikwa. Inaacha gamba jeusi ukutani, leo kidogo, kesho kidogo, hadi kibomba kinabaki na tundu la kupitisha sindano. Kwa umri wa gari lako, vibomba hivyo nisingevisafisha. Ningeweka vipya, pamoja na bolti zake zenye tundu na washa mpya za shaba. Kuna jambo moja hapa ambalo nalisisitiza kwa mafundi vijana hadi wanachoka: kwenye maungio ya oili ya turbo hapapakwi gundi ya silikoni. Niliwahi kuletewa gari ambalo turbo yake mpya ilidumu siku mbili. Nilipoifungua nikakuta uzi wa silikoni, mwembamba kama tambi, umejikunja kwenye mdomo wa oili. Aliyeifunga alitaka kuzuia uvujaji wa tone moja.

Kutoka kwenye turbo, oili inarudi chini kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, kwa uzito wake tu, hakuna pampu inayoivuta. Na hapa ndipo watu hupoteza fedha nyingi kuliko mahali pengine popote, kwa hiyo univumilie nirefushe. Turbo haina sili ya mpira. Joto lile lingeiyeyusha. Ina pete za chuma kama ringi za pistoni, na pete hizo haziwezi kuizuia oili iliyokosa pa kwenda. Zinategemea oili ishuke kwa uhuru, na ndani ya injini kusiwe na mgandamizo wa hewa. Bomba la kurudishia likiziba, au kipumulio, yaani kile kifaa kinachoitoa hewa chafu ndani ya injini, kikiharibika na hewa hiyo ikajaa kwenye sampu, oili haishuki. Inarudi nyuma, inapita kwenye pete, inaingia kwenye bomba la moshi, na gari linatoa moshi wa bluu. Fundi mwenye haraka atakuambia turbo imekufa. Atafunga mpya, na mpya nayo itatoa moshi.

Mteja mmoja alinifikia akiwa ameshabadilisha turbo mara mbili kwa malalamiko hayo hayo. Ya pili niliishika mkononi: shafti imetulia, mapanga ya feni safi, haina kosa lolote. Kosa lilikuwa kwenye kiwambo cha mpira ndani ya kipumulio, kilichochanika upande mmoja, kipande cha kutosha kwenye kiganja. Kwa hiyo fanya jaribio hili mwenyewe. Washa injini, iache ingurume bila kukanyagwa, kisha fungua taratibu kifuniko cha kujazia oili. Kwa kawaida utahisi mvuto mdogo, na injini itabadilisha sauti kidogo. Kifuniko kikinyonywa kwa nguvu hadi kinang'ang'ania, au injini ikipiga mluzi ambao unakoma ukikifungua, kiwambo kimechanika. Hewa ikikupuliza mkono na kutoa moshi, kuna mgandamizo usiotakiwa. Kwenye injini ya miaka kumi mimi hukibadilisha kipumulio bila kusubiri kilalamike. Ni mpira unaoishi kwenye mvuke wa oili ya moto; ukidumu miaka kumi umejitahidi.

Tuje kwenye joto na ushauri wa rafiki yako wa pili.

Kifaa chake kilikuwa na maana zamani. Turbo nyingi za miaka ya themanini zilipozwa na oili peke yake, na dereva aliyetoka kuvuta gari kwa kasi na kuzima papo hapo alikuwa anaikaanga oili kwenye beringi. Gari lako ni la kizazi kingine. Turbo zake zinapitiwa na maji ya kupozea, na pampu ndogo ya umeme inaendelea kuyazungusha baada ya wewe kuzima na kwenda zako. Ule mvumo unaousikia jioni chini ya boneti, gari likiwa limefungwa, ndio huo, pamoja na feni. Kwa hiyo usitoboe nyaya za gari lenye kompyuta nyingi namna hiyo ili kufunga kitu kinachoiga kazi inayofanyika tayari. Fedha hiyo itumie kuhakikisha pampu ile ya umeme bado ni nzima, kwa sababu ikifa gari halikwambii kila mara. Linaendelea kutembea vizuri mchana kutwa, halafu turbo inaungua kila unapoegesha. Mashine ya kusomea kompyuta inaweza kuiamuru iwake, na mkono wako ukiwa juu yake utaisikia ikitetemeka.

Kisha tabia zako za kuendesha. Kilomita mbili au tatu za mwisho kabla ya kufika, endesha kwa upole. Hiyo peke yake inatosha kwa siku za kawaida. Umetoka barabara kuu kwa mwendo mkali na kuingia moja kwa moja kwenye kituo cha mafuta, au umemaliza mlima mrefu na mzigo? Iache injini ingurume dakika moja au mbili kabla ya kuzima. Mfumo ule unaozima injini wenyewe kwenye foleni una kitufe cha kuuzuia. Ukitoka kwenye mwendo mkali na kukuta foleni, kibonyeze. Asubuhi usiipashe injini moto kwa kuisimamisha dakika kumi, ondoka mara moja lakini usikanyage sana. Mshale wa maji ukifika katikati usidanganyike, oili bado iko nyuma, inachukua muda mrefu zaidi kupata joto. Kama gari lako lina kipimo cha joto la oili, subiri kipite nyuzi 80 ndipo uulize injini ina nguvu gani.

Maji ya kupozea yenyewe yawe ya aina inayotajwa kwenye kitabu, yaliyochanganywa na maji yasiyo na chumvi. Maji ya bomba yanaacha magadi kwenye njia nyembamba za turbo, kama yanavyoacha kwenye birika. Na kwa kuwa gari ni la kifahari, tarajia maungio mengi ya plastiki. Plastiki hizo zikishapikwa miaka kumi zinavunjika kama biskuti ukizigusa. Kama turbo ziko ndani ya V, mipira na mabomba ya maji ya huko ndiyo yanayoteseka kuliko yote, na kuyafikia ni kazi ya siku nzima. Basi ikitokea sababu yoyote ya kufungua huko juu, badilisha yote yanayoonekana. Usimkubalie fundi anayekuambia bomba la pili bado zuri kidogo. Utamlipa tena kazi ile ile.

Nikitoka nje ya mada kidogo: mwaka 1962 Oldsmobile ya Marekani ilitoa gari lililoitwa Jetfire, moja ya magari mawili ya kwanza ya abiria kuuzwa na turbo. Injini yake ilihitaji chupa ya maji yaliyochanganywa na pombe ya methanoli, yakipulizwa ndani ili isigonge, yaani mafuta yasilipuke ovyo ndani ya silinda. Chupa ikiisha, mfumo ulipunguza msukumo wa turbo ili kuilinda injini. Wenye magari walisahau kuijaza, wakalalamika kwamba gari halina nguvu, na baada ya miaka miwili halikutengenezwa tena. Hulka ya wenye magari haijabadilika sana tangu hapo.

Upande wa hewa hauna mengi. Filta ya hewa ibadilishwe kwa wakati, na kasha lake lifungwe kwa klipu zake zote, kwani mchanga unaopita pembeni unayala mapanga ya feni kama msasa. Fundi akifungua bomba la hewa, aweke kitambaa kisafi mdomoni; nati ikidondokea humo, feni itaikuta. Halafu kuna uvujaji. Mpira ukichanika kati ya turbo na injini, kompyuta inaona hewa haitoshi na inaiamuru turbo izunguke zaidi kufidia. Unaendelea kupata nguvu karibu ile ile, huku turbo inakimbia kupita mipaka yake kila siku. Ndiyo maana napenda gari jipya mikononi mwa mtu lipimwe kwa mashine ya moshi: wanajaza moshi kwenye njia ya hewa na kutazama unatokea wapi. Siku kompyuta ikikupa kosa P0299, yaani msukumo umekuwa mdogo, usikimbilie kununua turbo. Mara nyingi ni mpira, klampu, au ile valvu ndogo inayoongoza msukumo. P0234, msukumo uliozidi, huelekeza zaidi kwenye mlango wa kupunguzia moshi uliokwama au kibomba cha kuuongoza kilichopasuka.

Plagi na koili je? Watu hawazihusishi na turbo, lakini silinda isiyochoma vizuri inapeleka petroli mbichi kwenye bomba la moshi, inawakia huko, na kinachofuata ni katalisti (kisafisha moshi) iliyoyeyuka. Katalisti iliyoziba inaurudisha moshi na joto kwenye turbo. Mimi kwenye injini kama yako hubadilisha plagi kila kilomita 60,000 na sibishani. (Mwenye dizeli anayesoma hapa achukue hili badala yake: mapanga yanayogeuka ndani ya turbo yake hukwama kwa masizi gari likizungushwa taratibu kila siku, kwa hiyo alipeleke gari safari ndefu ya kujinyoosha mara kwa mara. Na turbo ya dizeli ikipasuka, injini inaweza kuanza kujilisha oili na kukataa kuzimika hata ukitoa ufunguo. Usikae mbele yake kutafuta dawa, jitenge nayo.)

Kuna swali ambalo hukuniuliza, nalo lingekuwa la kwanza kwangu: je, programu ya injini imechezewa? Wenye magari haya wanapenda kuongezewa nguvu, kisha wanayauza bila kusema. Programu iliyoongezwa msukumo inazipeleka turbo mahali ambapo mtengenezaji hakuzipangia. Peleka gari kwa mtu mwenye mashine inayoweza kulinganisha toleo la programu na la kiwandani. Ikiwa imeguswa, irudishwe ya asili, hata kama gari litaonekana zito kwa wiki ya kwanza.

Siku hiyo hiyo ya ukaguzi, mwombe fundi arekodi safari fupi akiangalia msukumo unaoombwa na kompyuta na ule unaopatikana kweli. Vitu viwili hivyo vinatakiwa kwenda pamoja. Hifadhi karatasi hiyo, mwakani utailinganisha. Kama mdomo wa turbo unafikika, ashike ncha ya shafti kwa vidole. Kuchezacheza kidogo kwenda pembeni ni kawaida, kwa sababu oili inayoijaza nafasi hiyo haipo injini ikiwa imezimwa. Kucheza mbele na nyuma hakutakiwi kuhisika kabisa, na mapanga yasiwe na alama ya kugusa ukuta. Akikuonyesha unyevu wa oili kwenye bomba la hewa, usitishike mara moja. Unyevu mwembamba hutoka kwenye kipumulio. Dimbwi ndilo tatizo.

Mwenyewe, kaa na masikio wazi. Mluzi mwembamba unaopanda na kushuka na mguu wako ni turbo ikifanya kazi. Mlio wa king'ora, unaozidi wiki hadi wiki, ni mapanga yanayokaribia ukuta. Moshi wa bluu unaotoka ukiondoka baada ya kusimama muda mrefu kwenye taa, pia uuchunguze mapema. Ukisikia mlio mkali na nguvu ikakatika ghafla, zima na uite wa kulivuta gari. Wanaojikongoja hadi nyumbani hupeleka vipande vya panga kwenye injini.

Akiba aliyokuambia rafiki yako iweke, sikatai. Lakini sehemu ya kwanza ya akiba hiyo itoke sasa: oili mara mbili, kipumulio, vibomba vya oili, mipira ya maji iliyokauka, kipimo cha moshi. Kitakachobaki kikae kwa siku mbaya. Na siku hiyo ikifika, usikubali turbo mpya ifungwe kabla hujaonyeshwa kilichoiua ya zamani. Sampu ishushwe na kichujio chake kioshwe. Ile rejeta ya kupoza hewa ioshwe au ibadilishwe, maana imejaa oili na pengine vumbi la chuma. Vibomba viwe vipya. Kabla ya kuwasha, turbo ijazwe oili kwa mkono na injini izungushwe bila kuwaka hadi oili ifike. Turbo iliyovuliwa kwenye gari lililokufa mimi siinunui, kwa kuwa sijui ilikunywa nini. Iliyokarabatiwa naikubali ikija na karatasi ya mashine ya kusawazisha, inayoonyesha shafti yake ilipimwa kwenye mzunguko mkubwa. Bila karatasi hiyo imeoshwa na kupakwa rangi tu. Na kwa kuwa zako ni mbili: ikifa moja kwa sababu ya oili, usiagize ya upande huo tu kabla ya kuifungua na ya pili ukaitazama.